Likizo Niliyoipanga ya Kwenda Kumtazama Madamu

Siku kimbunga kilipopiga mji wa madamu, nilisema "masikini, pole yao" kama walimu wenzangu wote ofisini, kisha nikatoka, nikaenda nyuma ya jiko la shule na kucheka peke yangu. Naandika kama ilivyokuwa. Nilicheka nimejiziba mdomo kwa kiganja, mpishi wa uji akadhani nimepaliwa, akaniletea maji.

Mwalimu wa hisabati ndiye aliyetuonyesha video kwenye simu yake. Minazi ilikuwa imelala chini, mabati yakiruka juu ya nyumba, na maji yalikuwa yameingia madukani hadi kwenye kaunta. Wenzangu waliangalia mara moja wakageuza uso. Mimi nilimwambia anirudishie mwanzo.

Madamu alifundisha na sisi hapa Kisaka kwa miaka sita. Serikali ilimleta kutoka pwani ya kusini kabisa, akapewa nyumba ya walimu iliyo jirani na kwetu. Mimi ni mtu wa huku huku. Nilizaliwa Tarime, nikaolewa upande huu wa Serengeti, na Kikurya ndicho nilichonyonya. Kiswahili nilikikuta shuleni. Nilikipenda sana, nikasomea ualimu ili nikifundishe, na kabla madamu hajafika nilikuwa nimekifundisha darasa la saba kwa miaka kumi na moja.

Alipofika alikuwa anaogopa kila kitu: baridi ya Juni, fisi, hata ng'ombe wetu. Kila asubuhi nilimpelekea maziwa. Nilimfundisha kusonga ugali wa mtama na muhogo usiwe na madonge. Mume wangu alimtengenezea mlango. Naye akija kukaa kwetu jioni, kikombe cha maziwa yangu mkononi, alitusimulia nyumba ya kwao: nyeupe, kubwa, ina baraza linalotazama bahari, na vyumba ambavyo mgeni anaweza kupotea.

"Siku moja mje likizo," alikuwa anasema, "mwone watu wanavyoishi."

Mimi nilicheka tu. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekumbuka nyumbani.

Kisha ukaja mkutano wa wazazi. Tulikuwa tunataka wachangie mahindi ya chakula cha mchana, na mwalimu mkuu alinipa mimi kazi ya kuwashawishi kwa sababu wananijua. Wazazi walijaa chini ya miti ya shule, wanafunzi wakiwa wamebanana madirishani kusikiliza. Binti yangu wa kwanza, aliyekuwa darasa la tano, alikuwa kwenye dirisha la mbele kabisa. Nikasema vizuri, kwa nguvu, na watu walikuwa wananifuata. Nikasema, "Mtoto akirara njaa, kesho yake hata umfundishe nini hakishiki."

Madamu alikuwa meza kuu, katibu wa mkutano. Aliinua kalamu juu kama mwanafunzi.

"Samahani mwalimu. Niandike 'akirara' au 'akilala'? Maana huu ni muhtasari, unakwenda mpaka wilayani. Nisije nikaandika Kikurya."

Watu wakacheka. Mwalimu wa hisabati ndiye aliyeanza, akapiga na meza. Mwalimu mkuu akainamisha kichwa, lakini niliona mabega yake yakitikisika. Kilichoniuma ni kwamba wazazi nao walicheka, wazee wa Kikurya ambao tangu wazaliwe wamekuwa wakirara. Nikatazama dirishani. Binti yangu alikuwa anacheka, mkono begani kwa mwenzake.

Sikumbuki nilimaliza vipi. Nakumbuka kwamba mahindi yalichangwa.

Muhula uliofuata mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa mpole. Alisema Kiswahili cha darasa la saba kitachukuliwa na madamu, "kwa faida ya watoto," na mimi nitachukua stadi za kazi na hisabati za wadogo. Watoto wakanipachika jina. Nilikuwa nikipita kwenye njia ya kisimani nasikia nyuma ya uzio: "Madamu Akirara! Madamu Akirara!" Mwaka mzima niliamka mapema kabla ya watu, nikasimama kwenye zizi na kuwaambia ng'ombe: lala, leo, lima, lakini, chakula. Ulimi ulitii mwishowe. Leo hakuna mtu wa kunikamata. Lakini tangu wakati huo siongei tena bila kwanza kulitazama neno kichwani, na kabla sijalitoa, mtu mwingine ameshasema.

Alipopata uhamisho wa kurudi kwao, tulimfanyia sherehe. Alinikumbatia mbele za watu, akaninong'oneza, "Jitahidi na ile 'r' yako, mwaya." Sijui kama alikusudia ubaya. Nimejiuliza hilo miaka mingi, na kila mara nimejibu kwamba alikusudia.

Kwa hiyo kimbunga kilipopiga, nilijua hapo hapo nitakwenda wapi likizo ya Juni.

Nilimwambia mume wangu akiwa anafunga lango la zizi.

"Baba watoto, likizo hii nataka kusafiri. Kusini, kule kwa madamu."

"Kule kulikopigwa na upepo?"

"Kule kule."

Alimaliza kufunga, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Watu huenda kutembea mahali pazuri."

"Nataka kuona bahari."

"Bahari ilikuwepo siku zote. Umeanza kuitaka baada ya kimbunga?"

Alinitazama, maana ananijua.

"Nenda," akasema. "Lakini mimi usinihesabu. Sina ugomvi na upepo."

Nikaanza kupanga. Sijawahi kupanga kitu kwa raha namna ile, hata harusi yangu. Binti yangu, ambaye sasa yuko chuo cha ualimu na hakumbuki kabisa siku ile ya dirishani, alinitafutia namba za nyumba za wageni za mji ule. Nilizipiga zote, moja baada ya nyingine, mchana, nimekaa peke yangu kwenye benchi la nyuma ya darasa. Nilikuwa na nauli na siku za kutosha, sikuhitaji kuuliza mengi. Nilipiga ili nisikie.

"Vyumba vipo, mama," alisema kijana mmoja wa mapokezi. "Ila upande mmoja ndio una paa."

"Na umeme?"

"Unakuja, unakatika."

"Na mtaa wa nyuma ya soko la samaki, huko vipi?" Ndiko madamu alikotuambia kwao kulipo.

"Ah, huko kulipigwa sana mama."

"Sana kiasi gani? Nyumba zimelala kabisa, au ni mapaa tu?"

"Pole sana mama. Una ndugu huko?"

"Ndiyo," nikasema. "Ninaye mmoja."

Nilimpigia kijana yule mara tatu wiki ile. Mara ya tatu alishaniita "mama yangu", akaniahidi atapita mwenyewe kuangalia. Nikakata simu, kwa sababu hapo niliona aibu kidogo. Aibu ile haikukaa.

Madamu mwenyewe alikuwa ameweka picha mtandaoni: ukuta wenye alama ya maji, godoro lililoanikwa juani, kipande cha anga mahali palipotakiwa kuwa na dari. Chini aliandika, "Mungu ni mwema." Picha ile niliifungua mara nyingi kuliko picha za wanangu. Niliwaza nitakavyosimama mlangoni kwake nimevaa kitenge changu kipya, mkoba begani, niseme: tumekuja likizo, tuone watu wanavyoishi.

Kosa langu lilikuwa kutaka mashahidi. Nilitaka wale waliocheka siku ile wawepo na kuona. Kwa hiyo siku moja wakati wa chai nikasema ofisini, kwa sauti ya kawaida tu, "Mnaonaje tukaenda likizo kumtembelea madamu? Alikuwa mwenzetu."

Kisha mwalimu mkuu, ambaye sasa amezeeka na anahesabu miezi ya kustaafu, akainuka kutoka kwenye kiti chake.

"Mwalimu," akasema, "nimekaa na wewe miaka yote hii, sikujua una moyo kama huo."

Kuanzia hapo mpango ukanitoka mikononi. Mwalimu wa hisabati akafungua kundi la simu, akaliita "Tumfariji Mwenzetu". Mimi wakanipa uenyekiti. Jumapili mchungaji aliniita mbele ya kanisa, akanishika mkono na kuuinua, akisema hivi ndivyo Mkristo anavyotakiwa kuwa. Nilisimama pale mkono juu, watu wanasema amina, na moyoni namchukia madamu kuliko siku zote. Kina mama wakaleta maharage, unga wa muhogo, nguo, masufuria. Akina baba wakaleta nyama iliyokaushwa. Mzee mmoja aliyekuwepo kwenye mkutano ule, aliyecheka hadi akakohoa, alikuja na blanketi jipya likiwa bado kwenye nailoni.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Mpelekee yule mwalimu wetu. Alikuwa anajua kuchekesha yule."

Nilipokea blanketi lile kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, nikaenda kulitupia kwenye kona ya stoo.

Kila gunia lililojaa liliniibia kitu. Mimi nilitaka kwenda kumtazama mtu aliyeanguka, wao wananibebesha vya kumwinulia. Nililala na jambo hilo siku mbili, siku ya tatu nikaona njia. Anayetoa ndiye anayesimama, na anayepewa hukaa chini akashukuru. Mwenyekiti ndiye atakayesoma hotuba ya kukabidhi. Nikachukua daftari la maandalio, nikaandika hotuba ya ukurasa mmoja, na katikati nikaweka sentensi yangu: "Mtu akilala bila paa, hata umfariji kwa kitu gani, hafarijiki." Pale kwenye "akilala" nilijiwekea alama ya kupumzika. Hapo ndipo nitakapomtazama. Niliifanyia mazoezi wiki mbili, hata njiani kwenda Mugumu kununua kamba za kufungia mizigo.

Tulikwenda watu sita. Tulipanda basi Mugumu hadi Musoma, Musoma hadi Dar, tukalala kwa shemeji wa mwalimu mkuu, kisha tukaelekea kusini. Njiani wenzangu waliimba. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wenye hotuba.

Mji ule ulikuwa unajishona. Sina neno lingine. Minazi ilibaki mashina yaliyokatwa vichwa, mabati yalikuwa yamejiviringisha kwenye nguzo za umeme, na kila ukuta ulikuwa na mstari wa tope usawa wa kifua. Lakini watu walikuwa wanafagia, wanagonga misumari, wanauza vitumbua mbele ya maduka yasiyo na milango. Nilikuwa nimepanga kufurahi nikiona hayo, na kusema kweli nilifurahi kidogo, ila furaha ile ilikuwa inamtafuta mtu mmoja na huko mitaani hakuwepo.

Tulimkuta nyuma ya soko la samaki. Amekonda. Alipotuona alipiga kelele, akatukumbatia mmoja mmoja, nami akanikumbatia.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vya miti na udongo, na juu lilifungwa turubai la bluu. Hakukuwa na baraza. Kutoka pale bahari haikuonekana, ulikuwa unasikia harufu tu. Ukuta ulikuwa mzee, na alama za viguzo vya zamani zilionyesha wazi kwamba nyumba ilikuwa na ukubwa ule ule tangu ijengwe. Kimbunga kilichukua paa tu. Ile nyumba nyeupe hakikuichukua, kwa sababu haikuwahi kuwepo.

"Ile yenye vyumba vya kupotea iko wapi?" mwalimu wa hisabati aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nakula kwa macho.

Mara akatoka ndani mwanamke mzee, mfupi, amejifunga kanga mbili, mikono imenyooshwa mbele.

"Kalibuni! Kalibuni wageni wangu! Habali za mwendo? Mmetoka mbali, kalibuni mkae!"

"Huyu mama yangu," madamu alisema haraka. Akamshika bega. "Mama, kapumzike ndani, nitawakaribisha mimi."

"Nipumzike nini, wageni wamenijia? Habali za huko? Mvula zimenyesha?"

Nikamtazama madamu. Alikuwa amefumba macho, kama mtu anayengoja sindano iingie. Nikaelewa yote kwa mara moja: kwamba na yeye aliwahi kusimama mahali fulani akajiambia maneno peke yake hadi ulimi ukatii, kwamba alipokuja kwetu alikuwa ameshajificha vizuri, akamkuta mtu ambaye bado hajajificha. Huenda mtu mwingine angemhurumia hapo. Mimi niliona kwamba nimepata kitu kizuri kuliko hotuba.

Tulipokwisha kukaa kwenye mikeka, mwalimu mkuu akaniita nikabidhi mizigo. Nikasimama. Hotuba nikaiacha mkobani.

"Kabla sijaanza," nikasema, "samahani madamu. Wewe ulikuwa katibu wetu. Niandike 'habari' au 'habali'? Nisije nikakosea muhtasari."

Mwalimu wa hisabati alicheka kabla hajajizuia, kicheko kile kile. Mwingine akamfuata. Kisha wote wakanyamaza kwa pamoja, na turubai likawa linapigapiga juu yetu. Aliyeendelea kucheka alikuwa yule mama mzee. Alidhani ni utani wa wageni, akapiga makofi.

"Andika yote mwanangu!" akasema. "Andika yote!" Kisha, kwa kuwa hakuna aliyecheka naye, akamgeukia binti yake. "Wamesema nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Madamu akanitazama. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini kila mtu aliisikia. "Umetoka kote huko kwa ajili ya hilo?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi umefika."

Mwalimu mkuu ndiye aliyekabidhi mizigo. Hakuniangalia. Mama mzee alipika wali na samaki, na sahani ya kwanza akanipa mimi kwa sababu aliambiwa ndimi mwenyekiti. Nilikula nikamaliza. Ningependa kuandika kwamba chakula kilinishinda, lakini kilikuwa kitamu, na nilikuwa na njaa, na kifuani palikuwa pepesi kwa mara ya kwanza tangu binti yangu awe darasa la tano.

Wepesi ule ulidumu siku mbili. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuona bahari peke yangu, wenzangu walisema wamechoka. Nilivua viatu, nikaingia hadi magotini, nikajisemea "basi umefika" kwa sauti ya madamu, nikafurahi tena. Nilipojaribu kuiona sura yake akiwa amefumba macho, ikanijia sura ya mama yake akiuliza wamesema nini. Nikaisukuma. Ikarudi. Imekuwa hivyo mpaka leo: namtaka binti, anakuja mama.

Safari ya kurudi haikuwa na nyimbo. Kundi la simu lilifungwa tukiwa bado njiani. Mchungaji alisubiri taarifa yangu kanisani. Nilimwambia mizigo ilifika salama, na huo ni ukweli. Mume wangu hakuniuliza chochote hadi alipokwisha kukamua, ndipo akasema, "Upepo umekujibu?" Nilimwambia umenijibu. Binti yangu alipopata habari kutoka kwa watu alinipigia kutoka chuoni. Hakunilaumu kuhusu madamu. Aliuliza tu, "Na yule bibi je, mama?" Nikamwambia chaji inaisha.

Agosti simu yangu ikaita, nikaona ni namba ya madamu. Niliiacha iite mara ya kwanza. Mara ya pili nikapokea, nimeshajiandaa kwa matusi.

"Mama anakuulizia," alisema. Hakunisalimia. "Anataka kuongea na wewe. Mimi sitaki, ila hii nyumba ni yake."

Nikasikia simu ikibadilisha mikono, kisha sauti ya yule mama, kubwa, kama anayeniita kutoka ng'ambo ya mto. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ndefu. Aliniambia paa la bati limeanza kuwekwa chumba kimoja. Aliniambia magoti yanamsumbua. Halafu akaniuliza kama ni kweli kwamba huku kwetu tembo wanaingia mashambani. Nikamwambia ni kweli, mwezi ule ule walikuwa wamemaliza mtama wa jirani yangu, na sisi tulikesha tunapiga madebe. Akashangaa sana. Akataka kujua debe linapigwaje, tembo anakimbia upande gani, na kama anaweza kumkumbuka mtu. Nikamweleza yote. Alikuwa anarudia kila nilichosema, kwa matamshi yake, ili ahakikishe amesikia vizuri, na mimi nikawa namwambia, ndiyo mama, hivyo hivyo.

Tangu hapo anapiga kila baada ya wiki mbili tatu. Binti yake ndiye anayebonyeza namba, anampa simu, na mwisho anaichukua tena na kukata bila kunisalimia. Nami simsalimii.